Sisimizi Kwenye Ndoo ya Mrehani

Nyumbani kwa Bi Kuluthumu, pale Ng'ambo mjini Tabora, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kuvunjwa tangu aolewe: chakula hakiliwi kikavu. Ugali ukitengwa, chai iko pembeni. Wali ukipakuliwa, chai iko pembeni. Asubuhi kwenye matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa kisha kuanikwa juani, chai ndiyo mwenyeji na matobolwa ni wageni tu. Ukimuuliza sababu, unakalishwa chini unapewa somo zima: chai inalainisha koo, inashusha chakula, inatoa baridi kifuani, inafumbua macho na inamwondolea mtu hasira. Hilo la hasira mumewe, Mzee Twalibu, fundi baiskeli, alikuwa na mashaka nalo, ila mashaka yenyewe aliyaweka moyoni.

Wala haikuwa chai ya kubahatisha. Majani aliyachemsha mpaka rangi ikagoma kuongezeka. Akatia tangawizi ya kutwanga, iliki nne zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini, na badala ya sukari akatia asali ya miombo anayoletewa kutoka Sikonge kwenye dumu la lita tano. Vyote hivyo ndani ya birika la shaba ambalo, kwa maelezo yake, liliingia Tabora kichwani kwa mpagazi, zama za misafara, kabla treni haijajua njia. Siku moja Mzee Twalibu aligeuza birika akasema anaona huku chini pana chapa ya kiwanda, na kiwanda chenyewe kinaonekana cha juzijuzi. Alikula chakula kikavu siku mbili, na tangu hapo birika ni la zama za misafara.

Mwana wao Adinani alipomleta Najiat, binti wa Igalula, nyumba nzima ilisubiri kuona mgeni atakavyokunywa. Wako watu wanaogusa chai kwa mdomo kama wanambusu mtoto wa jirani. Najiat alimaliza kikombe, akamaliza cha pili, akakaa kidogo, kisha akainua uso na kuuliza kwa aibu, "Mama, kimebaki?"

Bi Kuluthumu alilazimika kwenda jikoni kufuta macho. Alikuwa na sababu yake. Binti yake wa pekee, Hafsa, alifariki miaka tisa iliyopita akiwa uzazini, damu ikamtoka ikakataa kusimama. Jambo hilo Bi Kuluthumu halizungumzi. Picha ya Hafsa iko ukutani sebuleni, inafutwa vumbi kila Ijumaa, na mtu akianza kuulizia, yeye anaanza kuulizia bei ya mchele. Lakini siku ile ya "kimebaki?" alimwambia Mzee Twalibu waziwazi kwamba Mungu amemrudishia binti, na mzee akasema amina.

Ndiyo maana habari ya sisimizi ilimuuma kiasi kile.

Ilikuwa asubuhi. Adinani alikuwa safarini, maana kazi yake ni kununua mpunga vijijini, na wakati wa mavuno nyumbani anaonekana kama mgeni. Najiat alikuwa na mimba ya miezi mitano. Bi Kuluthumu alitoka uani kuchuma mrehani alioupanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi, karibu na mlango wa chumba cha mkwewe. Akaona sisimizi. Si wawili watatu. Msafara mzima, umepanda ndoo upande huu na kushukia upande ule, wana haraka zao. Alijiuliza sisimizi wanatafuta nini kwenye mrehani. Akachota udongo kidogo kwa kidole, akanusa. Iliki. Akauonja kidogo tu kwa ncha ya ulimi. Asali ya Sikonge.

Mchana alitenga ugali, matembele na samaki wa migebuka walioshuka na treni ya Kigoma, akamimina chai vikombe vitatu. Najiat alikula vizuri, akashukuru, akachukua kikombe chake akasema anakwenda kukinywea chumbani maana mgongo unamvuta. Bi Kuluthumu alisimama nyuma ya dirisha la jikoni. Akamwona mkwewe anatoka, anatazama kushoto, anatazama kulia, anainama kwenye mrehani.

Aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kwa bahati njema kile kisichokuwa na meno.

Maana mtaani kwao, mtu akikupa kikombe kwa mkono wake nawe ukakimwaga kisirisiri, hujakataa chai. Umesema unadhani kuna kitu ndani. Na kama wewe ni mkwe na aliyekupa ni mama wa mumeo, basi hakuna haja ya kusema zaidi, watu watamalizia wenyewe. Bi Kuluthumu alijua jinsi wanavyomalizia. Bi Maua wa nyumba ya mbele ilimkuta hivyo. Mkwe wake alionekana anamwaga uji nyuma ya choo, na kabla wiki haijaisha hakuna aliyekula tena cha mkono wa Bi Maua. Palikuwa na maulidi, Bi Maua akapitisha chai, na Bi Kuluthumu, rafiki yake wa kusuka naye ukili tangu usichana, alipokea kikombe akakiweka chini ya kiti bila kukigusa. Bi Maua alikiona. Mwezi uliofuata alihamia kwa mwanawe Urambo na huko ndiko alikozikwa. Mkwe wake, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa hapendi uji tu.

Kwa hiyo Bi Kuluthumu alilala siku ile macho makavu, anatazama dari. Hakuogopa mtaa. Mtaa ulikuwa haujui. Aliogopa kwamba yule mtoto, akimtazama usoni na kumwita mama, ndani ya moyo wake anamwona mchawi.

Asubuhi alifanya lile ambalo watu wa zamani hufanya kumtoa mgeni wasiwasi. Alimimina chai kwenye kikombe cha Najiat, akakiinua mbele ya macho yake, akanywa fundo moja, akameza kwa sauti, ndipo akamkabidhi.

Mzee Twalibu aliacha kutafuna.

Najiat alitazama kikombe. Alikuwa mtu wa Igalula, si mtu wa Ulaya, akajua maana yake. Uso ukamshuka.

"Mama," alisema, "kwa nini umenionjea?"

"Ili unywe kwa amani, mwanangu."

"Mimi sijawahi kukudhania kitu, mama. Wallahi sijawahi."

"Basi kunywa."

Najiat alikunywa. Chozi moja lilimdondoka humohumo kikombeni, akalinywa pia. Tangu siku ile hakwenda tena na kikombe chumbani. Alikunywa palepale, asubuhi, mchana na jioni, katikati ya chakula, na kila akimaliza alikigeuza kidogo ili mama yake aone kitako. Sisimizi walikaa siku tatu wakingoja, wakakata tamaa, wakahama. Bi Kuluthumu alirudi kuimba jikoni. Kwa furaha hata vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ambavyo Najiat alipewa kliniki akawa anamkumbusha mwenyewe, na anampa chai ya kumezea, kwa sababu dawa, alisema, hupenda kitu cha moto.

Siku ya kliniki ilipofika Adinani alikuwa bado safarini, na Bi Kuluthumu akasema atamsindikiza Najiat yeye mwenyewe. Walipanda bajaji. Alivaa baibui jipya na akabeba chupa ya chai, maana foleni ya zahanati haina mwenyewe.

Nesi alikuwa Godeliva, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchekacheka, mzaliwa wa Ulyankulu, kwao wakulima. Alimwamkia Bi Kuluthumu shikamoo kwa kupiga goti kidogo, jambo lililompatia alama nyingi. Akamtoboa Najiat kidole, akasubiri kipimo, akatazama kadi, akatazama kipimo tena. Kicheko kikaisha.

"Mwezi uliopita damu ilikuwa tisa na nusu. Leo nane na nusu. Najiat, vidonge unameza?"

"Nameza, dada."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na lile nililokwambia la chai? Usinywe na chakula, usimezee dawa. Umeacha?"

Bi Kuluthumu, aliyekuwa anafungua kifuniko cha chupa, mkono ulimsimama.

"Nimeacha, dada," alisema Najiat, anatazama sakafu.

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa kuchomwa sindano. Bi Kuluthumu alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na ningekuwa mimi labda ningenyamaza, lakini yeye alikuwa na kasoro zake na uongo haukuwemo.

"Hajaacha," alisema. "Aliacha. Mimi ndiye niliyemrudisha. Anakunywa mbele yangu mara tatu kwa siku, na vidonge nammezesha mimi, kwa chai."

Godeliva alivuta kiti akakaa. Hakumkaripia. Alieleza taratibu kwamba kwenye maharage, kwenye matembele na kwenye vile vidonge mna madini ya chuma, nayo ndiyo yanayotengeneza damu. Chai ikifika tumboni pamoja nayo inayashika, mwili unabaki kuyatazama yakipita. Mtu mwenye damu ya kutosha anaweza asione tofauti. Mjamzito mwenye tisa na nusu anaiona.

"Lakini chai si sumu, mama. Mimi mwenyewe saa nne nisipoipata, hapa hamtanipenda. Inachangamsha, inatuliza, watu wanakaa wanaongea. Ni kuipa wakati wake. Ale, apumzike saa moja, mbili hivi, ndipo anywe kikombe chake, kisiwe kikali sana. Vidonge ameze kwa maji na chungwa."

"Na mtu..." Bi Kuluthumu alianza. Akafunga tena kifuniko cha chupa. "Hapana. Asante, mwanangu."

Walirudi kwa bajaji, wakapita sokoni. Dereva alikuwa amefungua redio, Bi Kuluthumu akamwomba aizime.

"Naji. Kwa nini hukuniambia? Ulinionea aibu? Uliniogopa?"

"Nilikuonea huruma, mama."

"Huruma ya nini?"

Najiat alizungusha kadi ya kliniki mikononi. "Adinani aliniambia habari za wifi Hafsa. Kwamba alipolazwa alikuwa ana damu kidogo, na wewe ulikuwa unampelekea chakula na chai kila siku, unamwambia anywe apate nguvu. Nesi aliponiambia la chai nikafikiri, nikimweleza mama, hataishia kwangu. Ataenda mwenyewe mpaka kwa Hafsa, ajilaumu. Nikasema bora nimwage. Mrehani hauna kinyongo."

Bi Kuluthumu aligeuza uso nje. Baiskeli zilikuwa zinapita na magunia ya mkaa, na watu walikuwa wananunua nyanya kama kawaida. Alimshika mkwewe mkono na hakuuachia mpaka nyumbani.

Alichofanya alipoingia ni kuosha birika la shaba, kulikausha, kulifunga kwenye khanga na kumwambia Mzee Twalibu aliweke juu ya kabati.

"Mpaka lini?" aliuliza mzee.

"Liweke."

Hapo ndipo ulipoanza mwezi ambao Mzee Twalibu anauita hadi leo mwezi wa ukame. Chakula kililiwa kikavu. Palikuwa na maini, palikuwa na maharage, palikuwa na matembele na mchicha, na machungwa yaliyokatwa yakipangwa mezani kama kuna harusi. Najiat alilishwa mpaka akaomba msamaha. Chai haikuwepo, si ya chakula wala ya baada ya chakula. Nesi kasema inaruhusiwa, Najiat alikumbusha. Bi Kuluthumu aliitikia, "Ndiyo, kasema," akaendelea kumenya machungwa. Mzee Twalibu alijaribu kula matobolwa kwa maji baridi, yakamkaba, akapigwa mgongo. Baadaye akawa ana safari nyingi za ghafla za kwenda kutazama vipuri stendi, na akirudi ananukia tangawizi ya watu. Mkewe alijua, ila hakuwa na moyo hata wa kugomba. Hilo ndilo lililomtisha mzee kuliko kukosa chai.

Kliniki iliyofuata damu ilikuwa kumi na pointi mbili. Godeliva alipiga makofi. Bi Kuluthumu alisujudu palepale kwenye korido ya zahanati, watu wakampisha. Wote walidhani siku hiyo birika litashuka.

Halikushuka. Alipika, akafua, akafuta vumbi picha ya Hafsa ingawa haikuwa Ijumaa. Najiat alimkuta amesimama nayo mkononi, kitambaa kimeshakauka, bado anafuta kioo mahali palepale.

Kesho yake Najiat aliaga anakwenda dukani, na akachelewa. Aliporudi alimwita baba mkwe wake pembeni wakanong'ona. Mzee Twalibu, mtu ambaye goti lake moja limestaafu, alipanda kwenye kiti kwa furaha ya kijana wa miaka ishirini.

Karibu na alasiri Bi Kuluthumu alikuwa amekaa uani, anachambua mchele, aliposikia harufu. Kwanza tangawizi. Halafu iliki. Halafu ile asali ikikutana na moto. Alitaka kuinuka akazuie, na hakuinuka.

Najiat alitoka na sinia, tumbo mbele, birika la shaba katikati na vikombe vitatu. Akaweka chini kwenye mkeka. Chakula cha mchana kilikuwa kimeliwa saa saba, na sasa ilikuwa saa kumi kasoro.

"Mimi sinywi," alisema Bi Kuluthumu.

"Najua, mama. Leo sikwenda dukani. Nilikwenda zahanati kumuuliza dada Godeliva lile swali ulilolianza ukaliacha."

Bi Kuluthumu alishikilia ungo kwa mikono miwili.

"Amesema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumwona. Hilo amelisema kwanza, na mimi sikufichi. Halafu akasema, mwanamke aliyetokwa na damu nyingi namna ile wakati wa kuzaa, hakuuawa na kikombe cha chai. Akasema pia nikuulize. Wifi Hafsa alipokuwa amelazwa, alikuwa anafanyaje ukifika?"

Mzee Twalibu alitoa kofia akaiweka gotini. Kwa miaka tisa hakuna aliyeuliza hivyo, maana wote waliuliza alikufaje.

"Alikuwa ananisikia kwenye korido," alisema Bi Kuluthumu. "Ananijua kwa mlio wa kandambili zangu. Nikifika mlangoni nakuta amekwisha kaa kitako, amenyoosha mikono yote miwili. Anasema, mama, wodi nzima inanuka dawa, wewe unanukia nyumbani." Akagusa shavu lake. "Alikuwa anakishika kikombe shavuni kwanza. Hapa. Kabla hajanywa."

Alilia, na safari hii hakwenda jikoni. Najiat hakumnyamazisha. Alimwacha mpaka mwisho, kisha akainua birika, akamimina kikombe kimoja, si chepesi sana wala si kile cheusi cha zamani. Akakiinua mbele ya macho ya mama mkwe wake. Akanywa fundo moja. Akameza kwa sauti.

Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimekuonjea, mama. Unywe kwa amani."

Bi Kuluthumu alikipokea. Alikiweka shavuni, kikiwa cha moto vile, akafumba macho. Kisha akanywa. Alikunywa polepole, bila ugali, bila matobolwa, bila kitu cha kusukuma koo, na akagundua kwamba chai ikiachwa peke yake ina maneno mengi kuliko alivyojua. Mzee Twalibu alimimina yake kwenye kisosi, akaipuliza, akatulia kama mtu aliyefika nyumbani kutoka mbali. Najiat naye akajipatia kikombe kidogo. Hakuna aliyekuwa na haraka. Sisimizi wawili watatu walipita kukagua ndoo ya mrehani, hawakukuta kitu.

"Tangawizi imezidi," alisema Bi Kuluthumu mwishowe, akifuta pua kwa ncha ya mtandio.

"Nitapunguza kesho, mama."

"Usipunguze."

Aliinamisha kikombe akatazama kitako chake. Kilikuwa kikavu. Akamtazama mkwewe, akatazama birika, na kwa sauti ndogo, ya mtu anayeona aibu kuomba, akauliza:

"Naji, kimebaki?"